Jumba la komini mikononi mwa vikundi vya kartie: shajara ya upangishaji, Lubumbashi

Shajara hii inafuata kazi ya kupangisha jumba moja la komini (sehemu ya mji yenye utawala wake) kwa vikundi vya wakaaji wa kartie, yaani mtaa. Jumba lina ukumbi wa mita 18 kwa 10, vyumba viwili vidogo nyuma, baraza mbele na choo cha nje. Lilijengwa enzi za Wabelgiji na lilikuwa limefungwa kwa miaka. Tunaandika hatua ikishamalizika, si kabla. Bei tunazitaja kwa dola kwa kuwa ndivyo maduka ya vifaa yanavyozitaja. Komini hatuitaji jina: utaratibu ni ule ule katika komini zote 7 za mji, na tunataka kundi la Katuba au la Ruashi liweze kuufuata bila kuona kwamba ni mambo ya wengine.

14 Machi 2025. Ukaguzi mvua ikinyesha

Jengo la kupangisha likaguliwe wakati wa mvua. Hapa mvua huanza Oktoba au Novemba na hukatika Aprili. Anayekagua Julai anaonyeshwa ukuta mkavu na dari iliyopakwa rangi. Mvua kubwa ilipopiga tuliingia na chaki, kila mahali palipodondoka maji tukapachora duara sakafuni. Jua lilipotoka, fundi alipanda juu akiwa na mchoro wa yale maduara.

Karibu yote yalikuwa upande wa magharibi, ambao bado ulikuwa na sahani za zamani za amianti (asbesto). Upande wa mashariki uliwahi kuezekwa malata (mabati) na bado unafaa. Mifereji ya maji haipo pande zote mbili. Mvua ya milimita 20 juu ya mita za mraba 180 ni lita 3,600, yaani madumu 180 ya lita 20, na yote yanaangukia mguuni pa ukuta. Ndiyo sababu plasta imebanduka hadi kimo cha goti. Mwanzoni tulidhani ni unyevu wa ardhini. Kupiga plasta mpya bila kuweka mifereji ni kutupa simenti.

Mengine: mchwa wamekula ncha za shevroni (boriti za paa) zilizoingia ukutani, choo hakina mlango, na kizingiti cha mlango mkubwa kipo sentimita 36 juu ya ardhi bila njia ya kupandishia magurudumu.

11 Aprili. Jengo ni la nani

Faili la kwanza lilikuwa na barua ya kikundi na barua ya bugumesta (mkuu wa komini) ya kukubali. Halikufika mbali. Idara moja ya Serikali iliyowahi kufanyia kazi humo ilileta karatasi ya zamani ya kugawiwa jengo, na kila kitu kikasimama.

Wengi huangukia hapa. Kwa Sheria ya Congo namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na ile iliyotengwa kwa huduma ya umma haiwezi kutolewa kwa mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Komini nayo, kwa Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ina utu wake wa kisheria na inasimamia mali yake. Swali basi ni hili: jumba hili liko katika mali ya komini, au komini inalitunza tu kwa niaba ya mwingine? Jengo kuwa ndani ya uwanja wa komini si jibu.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, tuliomba ofisi ya ardhi itoe karatasi ya kadasta (daftari rasmi la viwanja) ya kiwanja pamoja na mchoro wake. Pili, idara ile na komini ziliandika PV (taarifa rasmi yenye sahihi) ya pamoja kwamba idara haitumii tena jengo na imelirudisha. Bila PV hiyo mpangaji angekuwa amejenga juu ya ugomvi wa watu wawili wakubwa kuliko yeye. Tatu, tulipata azimio la baraza la komini. Tangu uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini wapo, na azimio lao, likiambatanishwa na mkataba, linabaki hata bugumesta akibadilishwa. Sahihi ya bugumesta peke yake ni ahadi ya aliyepo ofisini siku ile. Nakala ilikwenda kwa gavana, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi wa komini kwa niaba ya jimbo.

Mchoro, nakala na mihuri: dola 85.

16 Mei. Nani atie sahihi

Vikundi vinne vilitaka ukumbi: mama washonaji, walemavu wanaotengeneza viatu, vijana wanaofundisha watu wazima kusoma, na kwaya. Rasimu ya kwanza iliwafanya wote wanne kuwa wapangaji wa pamoja. Kwa macho ilikuwa ya haki, lakini kwa mkataba ni mtego: kila mmoja anaweza kubebeshwa deni lote, na mmoja akitoka lazima karatasi zote ziandikwe upya. Kwaya ilijitoa kabla ya sahihi, na ikabidi azimio la baraza lirudiwe kwa sababu lilikuwa limetaja majina manne.

Sasa mpangaji ni mmoja, mama washonaji, na wengine wana mapatano ya matumizi pamoja naye, karatasi moja kila kikundi. Azimio linamtaja mpangaji mmoja tu na kusema kwamba atapokea vikundi vingine vya kartie kwa ratiba iliyo katika kiambatisho. Kiambatisho kinabadilishwa kwa sahihi mbili. Azimio linahitaji kikao.

Mama washonaji walichaguliwa kwa sababu ya karatasi. Wao peke yao walikuwa wameanza safari ya Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inayohusu mashirika yasiyo ya faida. Kikundi kisicho na utu wa kisheria hakisaini kama kikundi. Aliyesaini ndiye anayebeba deni, yeye na nyumba yake. Mama mwenyekiti hastahili kulala na mzigo huo kwa ajili ya ukumbi wa umma. Maoni mazuri ya waziri wa sekta husika yanahesabika kama ruhusa ya muda, na hiyo ilitosha kwa baraza.

13 Juni. Kodi, na kwa nini rasimu ya kwanza ilikataliwa

Komisioneri (madalali) wawili walilitazama jumba na kusema kwamba ukumbi kama huo, ukiwa mzima, ungepangishwa kwa dola 220 kwa mwezi. Baraza lilikubali 50. Takwimu zote mbili zimeandikwa katika mkataba, na tunashauri kila mtu afanye hivyo. Kodi ndogo isiyoelezwa huonekana kama zawadi kwa marafiki, na baraza lijalo litaifuta kwa sauti kubwa. Ikiandikwa kwamba komini inaacha dola 170 kwa mwezi ili ipate saa kadhaa za ukumbi wa bure kwa wakaaji, basi ni uamuzi wenye hesabu. Huko England sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 inazitaka halmashauri zipate bei bora zaidi zinapopangisha kwa zaidi ya miaka 7, na kibali cha jumla cha mwaka 2003 kinaziruhusu kushuka chini ya bei hiyo, tofauti isipozidi pauni milioni 2, pale ambapo jamii inanufaika. Kwetu hakuna kibali cha namna hiyo, lakini kuandika bei ya soko kando ya bei iliyokubaliwa hakuhitaji kibali cha mtu.

Shida ilikuwa kwenye paa. Rasimu ya kwanza ilisema: «Gharama za matengenezo zitakatwa kwenye kodi.» Sentensi hiyo imo katika mikataba mingi ya nyumba za watu binafsi mjini, na huko inafanya kazi. Kwa komini haifanyi. Mhasibu aliikataa, na alikuwa na haki: katika fedha za umma mapato yanaandikwa yote na matumizi yanaandikwa yote, hayakatanwi. Kodi ikishafikia siku yake ni mapato ya komini. Mhasibu hawezi kuandika kitansi (risiti ya komini) cha fedha ambazo hazikuingia kwenye kasha, wala kupokea risiti ya malata badala ya noti. Mpangaji anayekatana kodi na malata kwa karatasi kama hiyo anaweza kuambiwa baada ya miaka miwili kwamba hajalipa hata mwezi mmoja, na akakosa la kujibu.

Sentensi pia haikuwa na mpaka. Matengenezo gani? Kwa bei ya nani? Kwa idhini ya nani?

Suluhisho lilikuwa kuondoa kodi yenyewe badala ya kuikata. Mkataba sasa una kipindi kisicho na kodi, miezi 24, kinachotolewa kwa sababu ya kazi ya paa iliyoorodheshwa katika kiambatisho na kukubaliwa na fundi wa komini kabla ya kuanza. Katika miezi hiyo hakuna kodi inayodaiwa, kwa hiyo hakuna mapato ya kukatanwa. Thamani iliyokubaliwa ni 24 mara 50, dola 1,200. Kinachozidi ni mchango wa mpangaji na hakirudishwi. Maneno yenyewe:

«Komini ikilirudisha jengo katika huduma ya umma kabla ya miezi 24 kwisha, itatoa taarifa ya miezi 6 kwa maandishi na itamrudishia mpangaji dola 1,200 baada ya kupunguza dola 50 kwa kila mwezi alioutumia.»

Komini ikilichukua mwishoni mwa mwezi wa 10 wa kipindi hicho, inarudisha dola 700. Mwezi wa 24 ukipita, hairudishi kitu. Hesabu ambayo mama yeyote wa kikundi anaweza kuifanya kichwani inazuia ugomvi kuliko kurasa tano za maneno ya kisheria.

Mkataba ni wa miaka 6. Paa, kuta na misingi ni vya komini baada ya kazi hii ya kwanza. Milango, kufuli, vioo, taa, choo na kusafisha mifereji ni vya mpangaji. Mstari kwa mstari, bila neno «n.k.». Dhamana ni kodi ya miezi 3.

25 Julai. Kuondoa amianti

Kazi ya paa ifanyike kiangazi, lakini sahani za amianti zisivunjwe kavu. Vumbi lake halionekani, linakaa katika mapafu, na ugonjwa unaweza kutokea baada ya miaka 20 au 40. Mafundi wengi hapa wamezoea kuziangusha chini kwa nyundo.

Sahani zililowanishwa kwa pampu ya mgongoni ya kunyunyizia mimea, maji na sabuni kidogo ili yashike. Kulabu zilikatwa kwa koleo, hakuna msumeno wala grainda. Kila sahani iliteremshwa nzima kwa kamba watu wawili wakiishika, ikafungwa mara mbili kwa plastiki nene. Barakoa zilikuwa za FFP3, zinazochuja vumbi laini, si zile za karatasi za hospitali, na nguo za kazi hazikwenda nyumbani. Komini ilionyesha shimo la kuzikia.

Siku ya kwanza ilitokea jambo la kuangaliwa: jirani waliomba sahani zilizobaki nzima ili wazibe ua wa kuku. Waelezwe mapema, na plastiki ifungwe pale pale juu ya paa. Sahani ikilala wazi uwanjani usiku mmoja, asubuhi haipo. Plastiki, barakoa, pampu na usafiri: dola 140.

22 Agosti. Malata

Upande una urefu wa mita 18 na mteremko wa mita 5.6. Lata la mita 3 likilazwa linafunika upana wa sentimita 80, kwa hiyo ni safu 23, malata mawili kila safu yakipandana sentimita 20. Ni 46, na mawili ya akiba: 48.

Tuliagiza BG 28 (BG ni namba ya unene wa lata). Katika mzigo yalichanganywa malata ya BG 32. Namba ikipanda lata linapungua unene, na juu ya paa la ukumbi lata jembamba linapinda mtu akilikanyaga na kutoboka kwa upepo wa mwisho wa kiangazi. Kwa macho hayatofautiani. Pima kwa mizani malata kumi kumi ya urefu mmoja: rundo lililo jepesi ndilo lenye udanganyifu. Yalibadilishwa dukani kabla ya kulipa salio, na ndiyo maana salio lisilipwe kabla ya kupima.

Kosa la pili lilikuwa la misumari. Safu sita za kwanza zilipigwa misumari bondeni mwa mikunjo, kwa kuwa hapo lata linakaa juu ya ubao na nyundo inapiga kwa urahisi. Lakini bondeni ndipo maji yanapopita. Tulipanda na ndoo za maji kabla ya fundi kuendelea, na kila msumari ulitoa tone chini. Misumari iling'olewa, matundu yakazibwa kwa vipande vya lami vya kubandika, mingine ikapigwa kilimani pamoja na raba yake. Jaribio la ndoo lifanyike baada ya safu ya pili. Safu sita zimeacha matundu mengi ambayo yatahitaji kuangaliwa kila mwaka.

Shevroni 22 zilibadilishwa. Ncha zinazoingia ukutani zilipakwa lami na kuachiwa nafasi ya sentimita 2 za hewa. Ubao uliobanwa na plasta unashika unyevu, na mchwa hufuata unyevu. Mfereji umewekwa mteremko wa milimita 5 kwa mita, yaani sentimita 9 kutoka ncha moja hadi nyingine. Jicho litasema umepinda. Usikubali kuunyoosha.

Kwa dola: malata 576, shevroni 99, misumari 24, kofia za kilele 80, mfereji na mabomba 115, mafundi 240, usafiri 35. Jumla dola 1,169, na amianti inafanya 1,309.

19 Septemba. Kukabidhi

Orodha ya hali ya jengo imefanywa mara mbili: siku ya sahihi, kabla ya paa, na leo baada ya kazi. Bila ile ya kwanza, mtu atasema baadaye kwamba paa lilikuwa zima tangu zamani na kipindi cha bure hakikustahili. Kila chumba kina picha ya pembe nne, na kila picha ina namba iliyo pia kwenye karatasi.

Mita za umeme na maji zilisomwa na kupigwa picha, namba zikaandikwa katika PV kwa tarakimu na kwa maneno. Waliokuwa humo kabla waliacha bili, na deni hufuata mita, halifuati mtu. Mkataba unasema madeni yote ya kabla ya leo ni ya komini, na mpangaji alikataa kupokea ufunguo mpaka sentensi hiyo iingie. Alifanya vizuri.

Miezi 24 inaanza tarehe 1 Oktoba, si siku ya sahihi. Ingeanzia sahihi, kazi ya paa yenyewe ingekula miezi mitatu. Choo kimetengenezwa kwa dola 120, kufuli na kadenasi 46.

17 Oktoba. Saa, kibanda na njia ya magurudumu

Mpangaji anatoa saa 12 kwa wiki kwa vikundi vingine, bure, na ratiba imebandikwa mlangoni. Mwombaji anaandika katika daftari siku 7 kabla. Ilibidi kuongeza masharti mawili. Hakuna kikundi kinachopata siku ile ile ya wiki kwa zaidi ya miezi 3 mfululizo. Hakuna mkutano wa chama cha siasa. Ukumbi wa umma ukizoewa na kundi moja kila Jumapili, baada ya mwaka mmoja watu wanauita kwa jina la kundi hilo, na wengine wanaacha kuuomba.

Mtu mmoja alitaka kuweka mashine ya fotokopi kwenye baraza la mbele ya jumba, akamlipe mpangaji. Fedha hizo zingesaidia kununua taa, lakini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Congo iko katika OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) tangu 2012, na huko aliyepanga mahali kwa biashara na kufanya kazi humo miaka 2 kwa mujibu wa mkataba ana haki ya kuongezewa muda. Kibanda kidogo kinaweza kuishia kushikilia baraza hilo lote la mbele. Mkataba sasa unakataza kupangisha kwa mwingine. Mwenye mashine amepewa ruhusa na komini moja kwa moja, ya mwaka mmoja, mita za mraba 6, na kodi yake inaingia kwenye kasha la komini kwa kitansi.

Njia ya magurudumu: fundi alijenga mita 2.2 kwa kizingiti cha sentimita 36, kama wanavyojenga kwenye maduka. Ni mteremko wa 1 kwa 6. Baiskeli za mikono za walemavu hazikupanda bila kusukumwa, na mojawapo ilirudi nyuma na mtu akiwa ndani. Kanuni ni 1 kwa 12, hivyo sentimita 36 zinahitaji mita 4.3. Ilirefushwa kwa kukunja pembeni, na mahali pa kupumzikia penye usawa kwenye kona. Upana ni mita 1.2, kwa kuwa baiskeli ya magurudumu matatu ni pana kuliko kiti cha kawaida. Mifuko 11 ya simenti, dola 154, fundi 60. Walemavu wenyewe waitwe kujaribu mteremko kabla kazi haijamalizika, si siku ya kufungua.

28 Novemba. Mvua za kwanza

Mvua kubwa mbili zimepita. Ukumbi ni mkavu, isipokuwa maduara mawili chini ya safu zile sita zilizopigwa misumari vibaya. Lami ya kubandika imeinuka kwa joto la Oktoba. Imebanduliwa, lata likasuguliwa na kubandikwa upya. Msingi wa ukuta wa magharibi umeanza kukauka, na plasta itasubiri hadi Juni.

Mfereji ulifurika mara moja kwa sababu ya majani ya mwembe. Kusafisha kumeingizwa kwenye daftari la mpangaji: Septemba, Desemba, Februari.

Hesabu hadi leo: karatasi 85, paa na amianti 1,309, choo 120, kufuli 46, njia ya magurudumu 214. Ni dola 1,774. Kati yake 1,200 zinabebwa na komini kwa miezi isiyo na kodi, na 574 zimechangwa na vikundi. Linalobaki ni waya za umeme za vyumba viwili vya nyuma: fundi wa komini amedai bei iandikwe na ikubaliwe kabla mtu hajanunua hata mita moja ya waya, kama kiambatisho kinavyosema, na makadirio yako mezani kwake.